Kutoka Sombetini Hadi Ngomeni: Safari ya Kuifuata Sauti ya Anga

Safari yangu ya kwanza ya kuvuka mpaka wa nchi, na ya kwanza ya kuiona bahari, ilitokana na swali la mwanafunzi. Ninaishi Sombetini, jijini Arusha, na ninafundisha fizikia sekondari. Siku hiyo tulikuwa kwenye mada ya mawimbi, na nilikuwa nimetoka kueleza kwamba sauti haipiti katika ombwe, yaani mahali pasipo na chembe za kitu chochote. Binti mmoja aliyekaa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, zile nyota zinapolipuka huko juu, kelele hakuna kabisa, au ipo ila haitufikii?"

Wenzake walicheka. Mimi nililipenda swali hilo tangu alipolitamka, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili. Sauti kutokuwepo ni jambo moja. Sauti kuwepo mahali fulani na kukosa njia ya kutufikia ni jambo jingine. Nilimpa jibu fupi linaloweza kuandikwa kwenye mtihani, nikamwahidi kwamba jibu refu litakuja.

Kulitafuta jibu hilo kulinifikisha kwenye kundi la magalaksi liitwalo Perseus, ambako mwaka 2003 wanaastronomia walitangaza kuwa wameyaona mawimbi ya sauti yakipita kwenye gesi. Nilipozidi kusoma, nikajikuta nimerudishwa karibu kabisa na nyumbani. Setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za anga, ambayo ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei za Perseus zinatoka katika eneo pana, ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ilipewa jina la Uhuru. Nikasema likizo ya Desemba ikifika nakwenda kupaona.

Niliondoka alfajiri. Sombetini haina uhaba wa sauti saa hizo. Adhana inapokezana na majogoo, pikipiki za bodaboda zinawashwa vichochoroni, vifodi vya kwanza vinapiga honi kuita abiria wa mjini, na mashine ya kusaga inaanza kunguruma kabla jua halijatoka. Kaskazini, Mlima Meru ulikuwa wazi asubuhi hiyo, bila wingu. Nikiwa nimesimama pembeni ya barabara na begi langu, niliwaza kwamba kelele zote hizo zinanifikia kwa sababu nimezama ndani ya hewa. Sauti si kitu kinachoruka chenyewe. Ni msukumo, chembe moja inaigonga ya jirani, nayo inaigonga inayofuata, mpaka ngoma ya sikio.

Nikiwa ndani ya kifodi nilipata mfano ambao siku hizi ndio ninaoutumia darasani. Abiria tulikuwa tumebanana bega kwa bega. Dereva alipofunga breki, waliokaa nyuma waliwasukuma wa katikati, wa katikati wakatusukuma sisi wa mbele, na msukumo ukafika mlangoni kwa konda ingawa hakuna abiria hata mmoja aliyehama kiti chake. Laiti tungekuwa wawili tu, mmoja nyuma na mmoja mbele, msukumo wa yule wa nyuma ungeishia kwake mwenyewe.

Stendi nilinunua maji ya chupa ya nusu lita, nikayanywa yote, nikakifunga kifuniko kwa nguvu zangu zote na kuitia chupa tupu kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Nilitaka kuitazama njiani. Arusha iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,400 hivi, na hewa yake ina mgandamizo wa takriban asilimia 85 ya ule wa pwani. Ukipanda hadi kilele cha Meru, mita 4,566, unabaki na asilimia 58 hivi, ndiyo maana wapandaji hupumua kwa shida. Basi safari yangu ilikuwa ya kuteremka, kutoka kwenye hewa nyepesi kwenda kwenye hewa nzito, na chupa ndiyo ingekuwa shahidi.

Njia ya Moshi naijua, kwa hiyo sitakaa nayo. Mambo mapya yalianza Holili. Katika kituo cha pamoja cha mpakani unapita madirisha ya nchi mbili ndani ya jengo moja. Niliulizwa ninakokwenda na ninachokwenda kufanya, nikasema ninakwenda Malindi kuona mahali roketi zilipokuwa zikirushiwa. Ofisa wa uhamiaji aliinua macho, akagonga muhuri, akasema, "Karibu Kenya, mwalimu." Nikabadilisha fedha, nikapanda matatu kutoka Taveta kwenda Voi. Barabara inakatiza nyika yenye udongo mwekundu, mibuyu imesimama mbalimbali, na milima ya Taita inakuja upande wa kushoto. Karibu na Mwatate niliitoa chupa. Ubavu wake mmoja ulikuwa umebonyea, kama umeshikwa na mkono.

Abiria mwenzangu, mama aliyekuwa na ndoo ya mapapai miguuni, aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi. "Umeikalia, baba?" Nikamwambia hapana mama, hewa ya ndani ni ya Arusha na ya nje ni ya huku, nayo ya huku ina nguvu zaidi. Aliichukua, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa, akanirudishia. "Hewa ina uzito?" aliuliza. Tulizungumza hilo mpaka Voi.

Tuliingia Mombasa usiku. Chumbani nilikuta chupa imebonyea pande zote mbili na lebo yake imekunjamana. Nilipokilegeza kifuniko ilivuta hewa kwa mlio mfupi wenye ukali wa firimbi, ikajaa tena. Siku nzima nilikuwa nimeteremka mita 1,400, na tofauti ikaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Sasa geuza safari hiyo uelekee juu. Ukifika kilomita 100 juu ya bahari, urefu ambao wengi huuhesabu kuwa mwanzo wa anga za juu, msongamano wa hewa uliobaki haufikii hata sehemu moja ya milioni ya huu wa Mombasa. Hapa pwani chembe ya hewa haimalizi hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla ya kugonga nyingine. Kule, itasafiri sentimita kumi na zaidi peke yake. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hayawezi kubebwa na chembe zilizotawanyika namna hiyo.

Kesho yake nilivuka daraja la Nyali kuelekea kaskazini. Mtwapa, daraja la Kilifi lenye maji ya kijani chini yake, mashamba ya mkonge, msitu wa Arabuko Sokoke, njia panda ya Gede. Malindi nilifika wakati wa mahamri na mbaazi, nikala nikiwa nimesimama, kisha nikaenda moja kwa moja ufukweni.

Nimesoma maelezo mengi ya watu walioiona bahari kwa mara ya kwanza, na wengi husifu ukubwa wake. Mimi kilichonishika ni mngurumo. Maziwa na mito ya kwetu huvuma na kutulia. Bahari hainyamazi. Pepo za kaskazi zilikuwa zimeshaanza, mawimbi yanavunjika juu ya mwamba na ngurumo yake unaisikia tumboni kabla hujaisikia masikioni. Nilivua viatu nikaingia mpaka magotini. Nikakumbuka kuwa ng'ambo ya bahari hii hii, tarehe 27 Agosti 1883, mlima wa Krakatoa ulilipuka huko Indonesia, na watu waliokuwa kisiwani Rodrigues, umbali wa kilomita zipatazo 4,800, wakasikia milio wakadhani ni mizinga ya meli. Sauti ilichukua kama saa nne kufika. Hakuna mlio uliowahi kuandikwa katika historia kwamba masikio ya watu yaliusikia kwa mbali kuliko huo. Nao uliokwenda maelfu ya kilomita kwa kufuata hewa juu ya maji haukuweza kwenda popote kwa kunyooka juu, kwa sababu hewa iliisha.

Kutoka Malindi kwenda Ngomeni unavuka Mto Sabaki, ambao maji yake ya udongo yanaipaka bahari rangi ya chai ya maziwa, unapita Mambrui, unashuka Gongoni. Pale nilichukua bodaboda. Njia inapita kati ya mashamba ya chumvi, mabwawa mapana yenye maji ya chumvi yanayokaushwa na jua, na marundo meupe yanayoumiza macho. Halafu mikoko, halafu kijiji, mashua zimelala upande, nyavu zimeanikwa. Na kule baharini, kilomita kama tano kutoka ufukweni, majukwaa ya chuma yamesimama juu ya miguu yake.

Wenyeji wanaliita eneo lote San Marco, kwa jina la jukwaa kuu. Jukwaa jingine ni Santa Rita, lililokuwa la kuongozea urushaji. Mradi ulikuwa wa Italia ukishirikiana na Marekani, na aliyeubuni ni mhandisi Luigi Broglio, ambaye kituo cha nchi kavu sasa kimepewa jina lake. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilikwenda angani kutoka hapa. Sababu ya kuja mpaka Ngomeni ilikuwa ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu aliye karibu na ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea huko inaanza safari ikiwa na kasi hiyo tayari, bila kuilipia mafuta. Mashariki ya Ngomeni ni maji matupu, hivyo vipande vya roketi vikianguka havimdhuru mtu.

Sikuwa na kibali cha kuingia kituoni, wala sikuhitaji. Nilikaa chini ya mkungu na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka bara wewe."

"Natoka Arusha, Tanzania. Nimekuja kuitazama San Marco."

"Karibu. San Marco haina haraka, ipo pale." Alivuta uzi kwa meno, akafunga fundo. "Siku za roketi tulikuwa tukizuiwa kutoka na mashua. Sisi vijana tunakaa papa hapa kungoja. Kwanza waona moto. Kimya. Moshi wapanda. Kimya. Roketi yenyewe ishakuwa juu, ndipo ngurumo yaja, yatetemesha mpaka kuti za nyumba."

Nilimwomba anihesabie kimya hicho kama anavyokikumbuka. Akafikiri, akahesabu polepole kwa vidole vya mkono mmoja mara tatu. Nilifurahi sana, maana sauti hewani hapa inakwenda mita 345 hivi kwa sekunde, na kilomita tano inazimaliza kwa sekunde 14 au 15. Nuru ya moto ule iliwafikia papo kwa papo, sauti ikaja kwa miguu. Na kadiri roketi ilivyopanda, ngurumo yake ilizidi kupungua. Umbali ulichangia, lakini kilichoizima kabisa ni kwamba huko ilikofika hakukuwa tena na hewa ya kuibeba. Roketi ilikuwa inaendelea kuwaka kwa ukali ule ule, bila kusikika.

Mchana maji yalipojaa, mzee alinichukua kwenye mashua ya mwanawe. Hatukuyakaribia majukwaa. Tulikwenda umbali wa heshima, pakatosha kuona kutu kwenye miguu ya chuma na ndege weupe waliopanga mstari juu ya bomba. Mimi siogelei. Nilimwomba kijana anishike kiuno, nikainama ubavuni na kutumbukiza kichwa. Baba yake akagonga mbao za mashua kwa mpini wa kisu. Chini ya maji ule mlio haukutoka upande wowote. Ulijaa kichwani mara moja, mkavu, kana kwamba kisu kimegonga fuvu langu. Maji ya bahari hupitisha sauti kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewa, na masikio yetu yaliyozoea hewa hayawezi kutambua inakotoka. Niliposhikilia pumzi na kutulia, nilisikia na vitu vingine: injini ya boti ambayo juu ya maji haikusikika kabisa, na mchakaricho mdogo usiokoma kutoka kwenye mwamba.

Niliinuka nikikohoa chumvi, na hapo mambo yakanikalia sawa. Nilikuwa nimepita katika ngazi za jambo moja: hewa nyepesi ya Sombetini, hewa nzito ya pwani, maji. Kila hatua chembe zimesogeleana zaidi. Na jukwaa lililokuwa mbele yangu lilijengwa ili kupeleka chombo upande wa pili wa ngazi, mahali ambapo chembe zimetengana kupita kiasi.

Chombo hicho, Uhuru, kilikuwa na uzito wa kilo 141 hivi. Jina lilipendekezwa na Marjorie Townsend, mhandisi Mmarekani aliyeusimamia mradi, kwa sababu siku ya kurushwa ilikuwa maadhimisho ya miaka saba ya uhuru wa Kenya. Kundi la wanasayansi liliongozwa na Riccardo Giacconi, Mwitalia aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake katika astronomia ya eksirei. Hewa yetu, hii hii inayobeba adhana na honi, huzuia eksirei zote zinazotoka angani. Ni heri kwetu, maana zingetudhuru, lakini mtu aliyesimama ardhini hawezi kuziona hata akiwa na darubini ya namna gani. Ilibidi kutoka nje ya hewa. Uhuru ilizunguka dunia juu ya ikweta kwa urefu wa kilomita zaidi ya 500, ikijigeuza polepole, mzunguko mmoja kila dakika 12 hivi, na kuichanganua anga mstari kwa mstari mpaka Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei.

Miongoni mwa vyanzo hivyo lilikuwemo kundi la Perseus, lililoko umbali wa miaka ya nuru milioni 250 hivi. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei zake hazitoki kwenye nukta moja. Zinatoka katika eneo pana sana, na maelezo yaliyokuja kuthibitika ni kwamba magalaksi hayo yamezama ndani ya gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Nafasi kati ya magalaksi, ambayo tungeiita tupu, kumbe ina kitu. Na penye kitu, sauti ina pa kupita.

Miaka mingi baadaye, Julai 1999, darubini ya eksirei iitwayo Chandra ilipelekwa angani, yenye macho makali kuliko Uhuru kwa mbali sana. Andrew Fabian wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake waliielekeza Perseus kwa muda mrefu, na Septemba 2003 picha ikatangazwa. Katikati ya kundi hilo kuna galaksi NGC 1275 yenye shimo jeusi kubwa. Shimo hilo hurusha nje mikondo ya nguvu inayopuliza mapovu makubwa ndani ya gesi, na kutoka kwenye mapovu yanaenea mawimbi, duara ndani ya duara, gesi imebanwa hapa, imelegea pale. Kubanwa na kulegea ndiyo sauti yenyewe, ndiyo hiyo inayotoka kwenye mpini wa kisu cha mzee. Umbali kati ya wimbi na wimbi ni makumi ya maelfu ya miaka ya nuru. Mawimbi yanakwenda kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, kwa kuwa gesi ina moto mkali, na bado wimbi moja linachukua takriban miaka milioni kumi kupita. Wanamuziki wangeiita noti ya si bemoli, oktava 57 chini ya do ya katikati ya piano. Kwa upande wa chini, sikio la binadamu linaishia mitetemo 20 kwa sekunde. Hii ni mtetemo mmoja kwa muda ambao ni mrefu kuliko umri wa binadamu wote duniani.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la pili la binti yule. Gesi ya Perseus ni hafifu mno. Katika sentimita moja ya ujazo ya hewa ya Ngomeni zimo chembe zipatazo 25,000,000,000,000,000,000. Katikati ya Perseus, mita nzima ya ujazo ina makumi ya maelfu tu. Chembe inaweza kusafiri umbali wa kutisha kabla ya kukutana na nyingine. Lakini sharti la sauti halisemi chembe ziwe nyingi. Linasema wimbi liwe refu kuliko nafasi iliyopo kati ya mgongano mmoja na mwingine. Sauti ya binti anayeuliza swali ina mawimbi ya mita moja au mbili, kwa hiyo inahitaji hewa iliyobanana. Sauti ya shimo jeusi ina mawimbi mapana kama magalaksi, nayo inaridhika na gesi ambayo sisi kwa vipimo vyetu tungeiita ombwe safi kuliko lolote tunaloweza kulitengeneza maabara.

Jioni nilirudi chini ya mkungu. Kwenye simu nilikuwa na rekodi ambayo NASA iliitoa mwaka 2022, iliyotengenezwa kwa kuyachukua mawimbi ya Perseus na kuyapandisha oktava 57 na 58 ili yasikike. Nilimpa mzee asikilize. Akaiweka simu sikioni, akafumba macho, akakaa nayo mpaka mwisho.

"Hii ndiyo sauti yenyewe?"

"Ni yake, mzee, ila imepandishwa sana. Ya asili hakuna kiumbe anayeweza kuisikia."

"Na yaja huku kwetu?"

"Haiji. Gesi ya kule inaishia kule. Kinachotufikia ni miali tu, inapita pasipo na kitu. Watu wameitazama sauti kwa macho."

Akanirudishia simu. "Basi waliipiga picha ikinena."

Usiku ulipokuwa unaelekea saa nne alinionyesha upande wa kaskazini, ambako wavuvi huangalia nyota wanaporudi kutoka matumbawe. Kundinyota la Perseus lilikuwa limesimama juu, katikati ya upeo na utosi, na nyota Algol inang'aa ndani yake. Kundi la magalaksi liko karibu na Algol, kama digrii mbili upande wa mashariki, halionekani kwa macho matupu. Mwezi Desemba, saa hizo hizo, mtu wa Sombetini akitazama kaskazini, upande wa Mlima Meru, ataliona kundinyota hilo. Nilipiga simu nyumbani nikawaambia watoke nje watazame.

Mimi ninaamini jambo hili lina uzito kwa mwalimu na kwa mzazi wa huku kwetu. Watoto wetu wanajifunza sayansi ya anga kana kwamba ni habari ya watu wengine kabisa, ya Cape Canaveral na Houston. Ni kweli kwamba waliorusha Uhuru hawakuwa wenyeji wa Ngomeni, na vijana waliokaa ufukweni kusubiri ngurumo hawakuelezwa kilichomo ndani ya roketi. Lakini kilichofungua mlango wa kuijua gesi ya Perseus kilipanda kutoka kwenye maji haya, kwa msaada wa ikweta yetu, kikiwa na jina ambalo kila mtoto wa Afrika Mashariki analielewa bila kutafsiriwa. Na Wakenya wameendelea. Mei 2018 setilaiti yao ndogo ya kwanza, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga, ikiwa imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Roma. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1.

Kwa hiyo mada ya sauti nimeipanga upya. Inaanza na chupa tupu iliyofungwa Arusha, ambayo yeyote anayesafiri kwenda Tanga, Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuibeba na kuirudisha darasani na picha zake. Inakwenda kwenye kuhesabu sekunde kati ya umeme na radi juu ya Meru, ambalo ni somo la mzee wa Ngomeni. Inaishia kwenye sharti la urefu wa wimbi, ambalo vitabu vyetu vya sekondari vingeweza kulieleza kwa aya moja. Anayelielewa sharti hilo anajua kwa nini mwanaanga aliye nje ya chombo lazima azungumze na mwenzake kwa redio hata wakiwa wamesimama hatua mbili, na anajua pia kwa nini shimo jeusi linaweza kutoa noti.

Shule za Arusha hupeleka wanafunzi Ngorongoro na Olduvai kuona binadamu walikotoka, na hufanya vyema. Malindi ni safari ya siku mbili kwa basi. Ningependa darasa zima lisimame kwenye mchanga wa Ngomeni, liyatazame majukwaa yale, lipigiwe hesabu ya sekunde kumi na tano, kisha liulizwe lile swali la dawati la nyuma. Wapo watakaolijibu vizuri kuliko mimi, na wapo watakaouliza gumu zaidi. Hao ndio ninaotaka wasome fizikia mpaka mwisho.